Kupiga Picha za Nyota Kutoka Nairobi: Mwongozo Kamili wa Mpima Ardhi Mstaafu

Miongozo mingi ya kupiga picha za anga imeandikwa na watu wanaoishi mbali na ikweta, na mkazi wa Nairobi anayeifuata neno kwa neno hukwama mapema. Anaambiwa atafute Nyota ya Kaskazini, ambayo hapa haionekani. Anaambiwa asubiri usiku mrefu wa majira ya baridi, ilhali usiku wetu ni wa takriban saa kumi na mbili mwaka mzima. Na anaambiwa kwamba Julai ndio mwezi wa Njia Nyeupe, ule ukanda wa nuru wa galaksi yetu (Milky Way), wakati huo mji wetu ukiwa umefunikwa na mawingu ya kijivu kwa majuma kadhaa. Nimefanya kazi ya kupima ardhi hadi nilipostaafu, na tangu hapo nyota zimekuwa shughuli yangu ya usiku. Ninachotaka kumwonyesha anayeanza ni kwamba kuishi karibu na ikweta ndio mtaji wake mkubwa kuliko kamera yoyote, mradi ajue jinsi ya kuutumia.

Nairobi iko nyuzi 1 na dakika 17 kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko unaozidi mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kutokana na hilo, karibu anga lote la kaskazini na la kusini hupita juu yetu katika mwaka mmoja. Kitovu cha Njia Nyeupe, kilicho katika kundinyota la Mshale, hapa hupanda hadi nyuzi 62 juu ya upeo wa macho, ilhali kwa mtu aliye London hakifiki hata nyuzi 10. Nebula ya Jabari, wingu la gesi na vumbi katika kundinyota la Orion, hupita karibu kabisa na utosi. Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani ya yetu ambayo wakazi wa Ulaya hawalioni kamwe wakiwa kwao, hufika nyuzi 21 upande wa kusini, na galaksi ya Andromeda hufika nyuzi 47 upande wa kaskazini. Kadiri kitu kinavyokuwa juu ndivyo mwanga wake unavyopita katika hewa kidogo zaidi, na picha huwa safi zaidi.

Anza na mwezi, juu ya paa la nyumbani

Anayeanza asikimbilie Njia Nyeupe. Aanze na mwezi na sayari, kwa sababu mwanga wa taa za mji hauviathiri vitu hivi hata kidogo: vina nuru ya kutosha, na picha iliyopigwa juu ya paa la gorofa Umoja inaweza kulingana na iliyopigwa jangwani. Hapa ndipo mkono hujifunza kamera bila gharama ya safari.

Vifaa vya kuanzia ni vichache. Unahitaji kamera yoyote yenye lenzi ya kubadilisha na inayokuruhusu kupanga mambo yote kwa mkono. Iliyotumika inatosha kabisa, na ningependelea mtu anunue kamera ya zamani na lenzi nzuri kuliko kinyume chake. Unahitaji tripodi nzito isiyotikisika, na ikiwa ni nyepesi, ning'iniza mfuko wa mchanga katikati yake. Unahitaji pia betri ya ziada na kiwashio cha mbali, ingawa kipima-muda cha sekunde mbili kilicho ndani ya kamera kinaweza kushika nafasi ya kiwashio hicho.

Kwa mwezi, tumia lenzi ya milimita 300 au zaidi. Taswira ya mwezi kwenye sensa, kile kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga, huwa na upana wa takriban urefu wa fokasi uliogawanywa kwa 110, kwa hiyo lenzi ya milimita 300 hutoa mwezi wa karibu milimita 2.7. Ni mdogo, lakini ukikatwa vizuri huonyesha mashimo kwa uwazi. Weka ISO (wepesi wa sensa kuhisi mwanga) 100, tundu la lenzi f/11 (namba ikikua tundu hupungua) na shata, yaani muda wa kupokea mwanga, sehemu moja ya mia ya sekunde kwa mwezi mpevu. Kwa mwezi wa robo, ambao ni hafifu zaidi, fungua tundu hadi f/8 na upandishe ISO hadi 200, kisha urekebishe kwa kutazama picha yenyewe.

Watu wengi hupiga mwezi mpevu kwa sababu ndio unaovutia macho, na kwa kweli ndio wakati usiofaa: jua huumulika kutoka mbele moja kwa moja, vivuli hutoweka, na sura yake huonekana bapa. Usiku wa robo ya kwanza ndio bora. Tazama mpaka kati ya upande wenye nuru na upande wa giza: hapo jua linachomoza kwenye mwezi, kuta za mashimo zinatupa vivuli virefu, na vilele vya milima vinang'aa peke yake ndani ya giza kabla ya mabonde kufikiwa na nuru. Mjukuu wangu alipouona mstari huo kwenye kioo cha kamera, mwanga ukiwa umekamata ukingo mmoja tu wa shimo na chini yake kukiwa kweusi tititi, aliniambia, "Babu, kumbe mwezi una makorongo!" Baada ya hapo sikuhitaji kumweleza mengi. Mwezi mchanga nao una uzuri wake hapa kwetu, kwa sababu karibu na ikweta mara nyingi huwa umelala kama mashua juu ya upeo wa magharibi, jambo linalofahamika sana kwa wanaotazamia mwezi mwandamo.

Kuhusu paa lenyewe kuna mambo mawili. Zege hunyonya joto la mchana na kulitoa usiku, na hewa inayopanda kutoka humo huifanya picha ichezecheze. Subiri hadi saa nne usiku au zaidi, na usielekeze lenzi juu ya bati la jirani. Pili, hatua za mtu anayepita kuchukua nguo zake kwenye kamba hutikisa paa zima, kwa hiyo msalimie, mngoje apite, kisha ubonyeze.

Sayari

Kwa sayari unahitaji darubini. Ile ya kioo cha milimita 130 au 150, iliyowekwa kwenye kitako rahisi cha kuzungusha kwa mkono, inatosha kuonyesha mikanda ya Mshtarii, miezi yake minne mikubwa na pete za Zohali. Pete hizo zilionekana kwa ubavu Machi 2025, nyembamba kiasi cha kupotea, na sasa zinafunguka tena mwaka hadi mwaka.

Usipige picha moja, rekodi video. Hewa hutikisika kila wakati, lakini ndani ya maelfu ya fremu zimo chache zilizonaswa hewa ikiwa imetulia. Programu za bure kama PIPP na AutoStakkert huchagua fremu hizo na kuzirundika kuwa picha moja, na RegiStax huinoa. Kwa Mshtarii usizidishe dakika mbili au tatu kwa video moja, kwa kuwa sayari hiyo huzunguka mara moja kwa takriban saa 10, na mikanda yake itaanza kufifia kwa kusogea. Simu iliyofungwa vizuri kwenye jicho la darubini inaweza kufanya kazi hii yote. Hapa pia ikweta inatusaidia, kwa kuwa njia ya sayari hupita juu kabisa ya vichwa vyetu.

Kalenda ya anga letu

Hali ya hewa ndiyo inayoamua zaidi ya kifaa chochote. Mvua za masika hunyesha Machi hadi Mei, za vuli huja Oktoba hadi Desemba, na kati ya Juni na Agosti Nairobi hukaa chini ya mawingu mazito ya baridi. Januari na Februari ndiyo miezi ya dhahabu. Mapema Februari, saa tatu usiku, Jabari liko utosini, Kilimia kinaelekea magharibi, na Wingu Kubwa la Magellan liko upande wa kusini. Wahenga waliosema kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, walikuwa wakisoma anga hili hili ili wajue wakati wa kulima.

Kwa kitovu cha Njia Nyeupe, zipo nafasi mbili ambazo miongozo ya kigeni haizitilii maanani. Ya kwanza ni alfajiri za mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi, kabla ya masika kushika: kufikia saa kumi na moja alfajiri kitovu kimepanda zaidi ya nyuzi 40, na mapambazuko hayajaanza. Ya pili ni jioni za Septemba, ambapo kiza kinapotanda kitovu kiko juu tayari, karibu nyuzi 60. Jua letu huzama karibu wima, kwa hiyo giza kamili huingia upesi, takriban saa moja na robo baada ya machweo. Ukifika mahali saa kumi na moja jioni, utakuwa na muda wa kujipanga kwa mwanga, na kufikia saa mbili kasorobo unaweza kuanza kazi. Chagua siku za mwezi mwandamo, na utumie programu ya Stellarium kujua kitu gani kitakuwa wapi saa ngapi.

Kutoka nje ya mji

Barabara ya Magadi ndiyo ninayoipendekeza. Ukipita Ongata Rongai na Kiserian, kisha ukateremka Bonde la Ufa, milima ya Ngong hubaki nyuma yako na kuziba sehemu kubwa ya mwanga wa mji. Olorgesailie, mahali pa kale panaposimamiwa na Makavazi ya Kitaifa, pana vibanda vya kulala na nafasi ya kupiga kambi. Faida yake kubwa kwa mpiga picha ni kwamba Nairobi iko kaskazini mashariki, na kusini kuna giza, huko huko kuliko na Msalaba wa Kusini, nebula ya Carina na Mawingu ya Magellan. Hata Juni na Julai bonde huwa kavu kuliko mji, na mara nyingi mawingu yaliyoifunika Nairobi huishia kwenye kingo za juu.

Usiende peke yako. Fisi wapo, na gari likikwama usiku msaada uko mbali. Omba ruhusa kwa wenye ardhi au wasimamizi wa kambi kabla jua halijazama, waeleze unachofanya, na uwakaribishe watazame. Mzee wa Kimaasai aliyelala nje na mifugo tangu utotoni anaweza kukuonyesha nyota ya alfajiri kabla ya simu yako. Beba taa nyekundu, kwa kuwa mwanga mweupe wa dakika moja huharibu mazoea ya jicho kwa karibu nusu saa. Kwa sisi wazee mboni haifunguki tena kama ya kijana, na hapo kamera inakuwa rafiki wa kweli: inakusanya kile ambacho jicho langu limeacha kukiona.

Picha ya kwanza ya Njia Nyeupe

Anza na fokasi, kwa sababu picha ambayo fokasi yake imekosewa haiponyeki nyumbani. Zima fokasi ya kujiendesha. Elekeza kamera kwenye nyota angavu, Shira au Suheli kwa mfano, na ukuze taswira kwenye kioo mara kumi. Mwanzoni nyota itakuwa duara pana lenye ukungu. Zungusha pete ya lenzi polepole mno. Duara litapungua, litakuwa nukta, kisha litaanza kupanuka tena. Rudi nyuma kidogo hadi nukta iwe ndogo kuliko zote, na nyota hafifu za jirani ambazo hazikuonekana zichomoze pembeni yake. Hapo bandika utepe wa gundi juu ya pete ili isisogee, na uhakikishe tena kila baada ya saa moja, kwa kuwa baridi hubadilisha lenzi.

Kisha panga muda wa shata. Kanuni maarufu husema ugawe 500 kwa urefu wa fokasi ili upate sekunde kabla nyota hazijaanza kuacha michirizi. Kwetu kanuni hiyo ni legevu mno: nyota zilizo karibu na ikweta ya anga ndizo zinazosogea kwa kasi kuliko zote, na ikweta hiyo inapita juu ya vichwa vyetu. Tumia 300 badala ya 500. Kamera yenye sensa ndogo ya APS-C inahitaji pia kuzidisha urefu wa fokasi kwa 1.5 au 1.6. Kwa hiyo lenzi ya milimita 18 kwenye kamera kama hiyo inakupa sekunde 11, na lenzi ya milimita 50 inakupa sekunde 4. Fungua tundu la lenzi hadi mwisho au karibu na mwisho, weka ISO 1600 au 3200, na uhifadhi faili ghafi (RAW), si JPEG. Kama una pesa za lenzi moja tu, nunua ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, ni ya bei nafuu na huingiza mwanga karibu mara nne ya lenzi ya kawaida ya f/3.5.

Sasa piga picha nyingi zinazofanana. Kelele ya chembechembe hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya picha: ukirundika 16, chembechembe hupungua mara 4, na kwa 100 hupungua mara 10. Piga angalau 60. Mwishoni funika lenzi na upige nyingine 20 kwa muda ule ule, ISO ile ile na katika baridi ile ile. Hizi picha za giza zitaondoa madoa yanayotokana na sensa. Asubuhi tandaza fulana nyeupe mbele ya lenzi, uielekeze angani, na upige nyingine 20 bila kugusa fokasi. Hizo zitasawazisha weusi wa pembeni na vumbi. Umande wa usiku ukianza kuonekana kwenye kioo, funga kifuko cha kupasha joto mikono kuzunguka lenzi kwa soksi.

Kufuata nyota bila Nyota ya Kaskazini

Kifaa cha kufuata nyota huzungusha kamera sambamba na mzunguko wa dunia, nawe unaweza kufungua shata kwa dakika nzima au zaidi. Sharti ni kwamba mhimili wake uelekee ncha ya anga, ile nukta ambayo nyota zote huonekana kuizunguka. Kwetu ncha ya kusini iko nyuzi 1.3 tu juu ya upeo, ndani ya ukungu na nyuma ya vichaka, wala haina nyota angavu. Hapa kazi yangu ya zamani imenifaa sana, kwa kuwa mpima ardhi huzoea kupata kusini bila kuona alama yoyote.

Mchana, ukiwa kambini, ning'iniza timazi juu ya ardhi tambarare na uweke alama kwenye kivuli cha uzi jua linapokuwa kwenye meridiani, yaani linapofika juu kabisa katika safari yake ya siku. Kwa Nairobi wakati huo hubadilika kati ya takriban saa sita na dakika 16 mchana mwanzoni mwa Novemba na saa sita na dakika 47 katikati ya Februari, na Stellarium itakupa dakika ya siku yako. Kivuli hicho ndicho mstari wa kaskazini na kusini. Njia hii haifai katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, jua likiwa utosini na kivuli kikiwa kifupi mno. Siku hizo tumia dira, iliyowekwa mbali na gari na vyuma.

Sawazisha tripodi kwa pimamaji, laza mhimili juu ya mstari ule, na uuinue upande wa kusini nyuzi 1.3 kwa kutumia kipimo cha mteremko kilicho kwenye simu. Vitako vingi havishuki chini kiasi hicho. Ukikutana na hali hiyo, fupisha au refusha miguu ya tripodi yenyewe hadi mhimili ulale unavyotakiwa. Usisahau kubadilisha kifaa kiwe cha kizio cha kusini, la sivyo kitazunguka kinyume.

Baada ya giza, hakiki. Chagua nyota iliyo karibu na utosi na uitazame kwa dakika kadhaa kifaa kikifanya kazi. Ikiteleza kuelekea kusini, ncha ya kusini ya mhimili imeelekea magharibi mno, isogeze mashariki. Ikiteleza kaskazini, fanya kinyume. Kisha chagua nyota iliyo mashariki: ikiteleza kusini, mhimili umeinuka mno upande wa kusini, ushushe. Rudia hadi nyota itulie. Kazi hii huchukua saa nzima mara nyingine, na mtu mwenye haraka huiona kuwa adhabu. Mimi huiona kuwa sehemu tamu kuliko zote, maana ndipo unapouhisi mzunguko wa dunia mkononi mwako.

Kutoa picha kwenye kompyuta

Programu mbili za bure zinatosha. Sequator ni rahisi na inaweza kuishikilia ardhi mahali pake wakati inazipanga nyota. Siril ina nguvu zaidi na ina zana ya kuondoa mwanga wa mji unaopaka picha rangi ya chungwa upande mmoja. Rundika picha zako pamoja na za giza na za fulana, ondoa mwanga wa nyuma, kisha nyanyua nuru kidogo kidogo ukitazama histogramu, ule mchoro unaoonyesha mgawanyo wa nuru katika picha. Acha anga lisiwe jeusi kabisa. Acha pia nyota na rangi zake, kwa maana Antares ni nyekundu kweli na Rigel ni buluu kweli, na mtu anayezipausha zote kuwa nyeupe ameondoa habari ambayo nyota ilitaka kumpa.

Ninapoketi na faili hizi mchana, mara nyingi hufikiria umri wa kile ninachokishika. Nuru ya nebula ya Jabari imesafiri zaidi ya miaka 1,300, na ya Wingu Kubwa la Magellan takriban miaka 160,000. Nuru ya Andromeda imesafiri miaka milioni 2.5, ikimaanisha kwamba ilikwisha kuanza safari zamani kabla ya watu wa kale wa Olorgesailie kuchonga mashoka yao ya mawe, yale ambayo bado yamelala ardhini hatua chache kutoka ninapopanga tripodi. Mawazo ya namna hii hayakunijia wakati wa kazi, nilipohesabu mipaka ya viwanja kwa sentimita, na ninashukuru kwamba nimepata muda wa kuyawaza.

Jua na kupatwa kwake

Agosti 2, 2027 kutakuwa na kupatwa kwa jua ambako njia ya kupatwa kikamilifu itapita, miongoni mwa nchi nyingine, Misri, Saudia, Yemeni na ncha ya Somalia, nasi Nairobi tutaona sehemu tu. Anayetaka kupiga picha siku hiyo lazima aweke kichujio maalumu cha jua mbele ya lenzi, si nyuma yake, na asitazame kupitia kamera ya kioo bila kichujio hicho hata kwa nukta moja, kwa kuwa macho hayarudi. Miwani ya jua ya kawaida, filamu za eksirei na glasi zilizotiwa masizi havifai kwa lolote. Kupatwa kwa mwezi, kinyume chake, hakuhitaji kinga yoyote. Anza na shata ya mwezi wa kawaida na uirefushe hatua kwa hatua kadiri kivuli cha dunia kinavyoufunika, hadi sekunde moja au mbili wakati umegeuka mwekundu, ukiongeza pia ISO.

Hifadhi faili ghafi za kila usiku katika diski mbili tofauti, moja iwe nje ya nyumba yako, na katika kila folda uweke maandishi mafupi yanayotaja mahali, saa, lenzi, ISO, muda wa shata na hali ya mawingu. Programu za kurundika huboreshwa kila mwaka, na faili za zamani zilizotunzwa vizuri, pamoja na picha zake za giza na za fulana, hutoa picha bora zaidi zikichakatwa upya.